Saa ya Kinshasa, Jua la Kisangani

Ninyi mnaopokea abiria wa boti pale bandarini, wenye kadi shingoni na simu mbili mkononi, kaeni chini kidogo niwaseme. Nimestaafu. Hakuna mkubwa awezaye kunifukuza kazi tena, na mke wangu amechoka kunisikia nikinung'unika peke yangu jikoni kwake. Leo mzigo huu ni wenu.

Kazi hiyo yenu niliifanya miaka thelathini na moja, ukitoa ile ya vita ambapo mto ulifungwa nami nikaenda kulima mihogo njia ya Bengamisa. Sisi hatukuwa na kadi, tulikuwa na kofia. Abiria akishuka aliona kofia, akajua huyu ndiye. Boti ilifunga kamba alasiri na kuondoka jioni hiyohiyo, kama inavyofanya hii ya siku hizi inayoleta wazungu wachache na watoto wetu wengi wanaokaa mbali. Wiki mbili juu ya maji kutoka Kinshasa, halafu saa tatu za Kisangani! Eti mwenye boti hapendi kulala bandarini kwa sababu ya kelele, anataka akalale kule chini penye kisiwa. Kelele! Mtu amesafiri wiki mbili kuja kusikia kelele zetu, unamnyima. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa saa tatu utampa nini?

Naona ninyi mnampa picha. Maporomoko ya Wagenia, picha. Kanisa kubwa, picha. Soko, picha, haraka haraka, tupande, tushuke, nani hayupo? Mnawapakia kwenye pikipiki sita zinazopoteana kabla ya kufika mzunguko wa kwanza, kisha nusu saa nzima mnatafutana kwa simu. Nilimwona mzee mmoja amerudishwa kwenye ubao wa boti ana picha arobaini na kiu. Hakuna aliyekumbuka kumpa maji. Nilimpa yangu, akanishukuru kwa Kiswahili safi, na hapo ndipo nikajua kwamba katika mchana mzima hakuna aliyemuuliza kama anakijua.

Saa tatu si chache. Ni chache kwa asiyejua kuzitumia. Makaratasi ya abiria yaanze kusomwa boti ikiwa bado inafunga kamba, si baada, maana watu wa makaratasi hawana haraka na hawajawahi kuwa nayo. Liboke ya samaki iagizwe asubuhi. Samaki ndani ya majani haivi haraka kwa sababu wewe una abiria. Wenye miguu mizuri wapande toleka, baiskeli zetu za kubeba watu, kwa sababu juu ya baiskeli mtu anaona mji, anasalimiwa, anasikia harufu ya mkate. Na uchague kitu kimoja, kimoja tu, ukifanye vizuri.

Aliyenifundisha hayo ni Papa Lifoko, mtu wa Yanonge, baharia aliyeacha meli kwa sababu ya mgongo. Alikuwa mkali. Siku yangu ya kwanza aliniona natazama saa ya mkononi, saa mpya niliyokuwa naringa nayo, akaniambia:

"Ile saa yako iko ya nani?"

"Yangu, papa."

"Bon. Boti haiko yako. Tazama jiko ya boti. Mpishi akianza kuosha masufuria, unarudisha batu mu boti. Akiwasha makala ya jiko, uko na wakati. Saa ya mukono inadanganya, mpishi hadanganyi."

Nilicheka. Sikujua alikuwa ananipa elimu ambayo ningeihitaji nikiwa mzee.

Sasa nikiri kosa langu, msije mkasema mzee huyu anajisifu tu. Katika mwaka wangu wa pili niliwapeleka abiria watatu kwa shangazi yangu, kule mtaa wa Mangobo. Nilitaka waone nyumba ya watu, wasalimie, waondoke. Kusalimia na kuondoka! Mimi, mtoto wa mto huu, nilifikiri kuna mama wa Kisangani atakayeona wageni watatu mlangoni awaachie watoke na tumbo tupu. Shangazi alitazama wageni, akatazama kuku. Nikamwambia, "Mama, boti inatungoja." Akanijibu, "Hata kuku iko inangoja." Kumkatalia niliona haya. Nani angethubutu? Ukimkimbia kuku wa shangazi leo, kesho ukifiwa utazika peke yako.

Honi ya boti ilitukuta kuku akiwa bado anachemka. Tulikimbia, toleka nne mfululizo, tukafika boti ikiwa imekwisha kugeuza pua. Tuliifuata kwa mtumbwi wa mashine mpaka katikati ya mto, abiria wakavutwa juu kwa mikono mmoja mmoja, mama mmoja akapoteza kiatu. Niliporudi Papa Lifoko alikuwa amesimama bandarini.

"Mulikula?"

"Hapana, papa."

"Donc umekosa boti na umekosa kuku."

Tangu siku hiyo nilijiwekea sheria: abiria haingii nyumba ya mtu. Niliwafundisha sheria hiyo wote waliopita mikononi mwangu, na sikuwahi tena kuifukuza boti. Nilijivunia jambo hilo, nawaambia kweli.

Haya. Sasa niwaambie kilichonitia hasira mpaka nikaandika.

Ni mwaka huu, mwanzoni mwa mvua. Nilikuwa nimekaa bandarini kama kawaida yangu ya jioni, saa kumi na moja hivi, nikaona kundi la Merveille linarudi. Merveille mnamjua wengi wenu. Nilimfundisha mwenyewe katika miaka yangu ya mwisho, binti mwerevu, anahesabu abiria wake kama mama wa vifaranga. Walikuwa wote, hakuna aliyepotea. Lakini nyuma yao alitembea mama mmoja wa miaka kama sabini, kitenge kizuri, mkoba kifuani, na hakuwa anatazama boti wala mji. Alitazama ng'ambo, Lubunga. Alitazama mpaka akajikwaa.

Nikamsalimia. "Mama, unatafuta nini ng'ambo?"

"Yaya wangu," akasema. "Yaya Alphonsine. Iko kule."

Jina lake Mama Georgine, amezaliwa Lubunga, anaishi Kinshasa kwa watoto. Huyo yaya ni dada yake mkubwa, na hawajaonana miaka ishirini na miwili. Na macho ya Alphonsine yanafunga. Mchana kwenye mwanga bado anaona sura ya mtu aliye karibu. Jua likizama haoni kitu. Daktari aliwaambia hata huo mwanga wa mchana utaisha, na si muda mrefu.

"Sikuja miye kumuona," Mama Georgine akaniambia. "Nilikuja yeye anione."

Nikamuuliza kama alimwambia kiongozi wake. Akasema alimwambia saa tisa, mguu wake wa kwanza ulipokanyaga nchi kavu. Aliambiwa angoje kwanza programu iishe. Basi alipelekwa Wagenia kutazama mitego ya samaki ambayo baba yake mwenyewe aliitega. Alipelekwa kanisani alikobatizwa, akaelezwa lilijengwa na nani. Alipelekwa sokoni akaonyeshwa mihogo!

Nilisimama. Mgongo uliuma na sikuujali. Nikamwita Merveille mbele ya watu, jambo ambalo si zuri, na sijutii.

"Huyu mama alikuambia nini saa tisa?"

"Tonton, tuko na programme," akasema, taratibu, kama mnavyosema na wazee. "Honi iko dix-huit heures, saa kumi na mbili. Sasa inabaki saa moja tu. Kuvuka, kutafuta nyumba, kurudi, haiwezekane. Alors akichelewa, ni miye watalaumu."

"Dada yake anakuwa kipofu!"

"Nimesikia, tonton. Lakini ni weye mwenyewe ulinifundisha. Abiria haingii nyumba ya mutu. Ulisema hata akilia."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikapandisha sauti. Nilisema mengi juu ya vijana na kadi zao. Watu wakageuka. Merveille aliinamisha kichwa, na mimi nilizidi kwa sababu nilijua alikuwa ananisomea maneno yangu.

Nilipomaliza kelele, macho yangu yalikwenda kwenye boti. Kule nyuma, mpishi alikuwa ndiyo kwanza anapepea makala, mkaa wa chakula cha jioni. Nguo za mabaharia bado ziko juu ya kamba, zinadondosha maji. Fundi wa mashine amelala chali kwenye gunia. Boti inayoondoka baada ya saa moja haikai hivyo. Nikamwita fundi.

"Fundi, kwako saa iko ngapi?"

Akainua mkono kivivu. "Seize heures na kidogo, papa." Saa kumi, na simu ya Merveille ilisema kumi na moja.

"Saa ya wapi?"

"Ya Kin. Alors ya wapi ingine? Saa ya boti ni ya Kin mpaka turudi Kin."

Mnaelewa? Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ya Merveille ilikuwa ya Kisangani, honi ilikuwa ya Kinshasa, na binti huyo mwerevu kila safari alikuwa anawarudisha watu saa nzima kabla ya wakati. Saa nzima! Katika saa tatu za mtu! Hakuna hata mmoja wenu aliyepanda ubao kuuliza. Ukweli ni kwamba abiria wa boti ile walikuwa na saa nne, na ya nne waliimaliza wakikaa juu ya mizigo yao, wakipigwa na mbu, wakitutazama.

Basi tulikuwa na saa mbili. Lakini jua halifuati saa ya Kinshasa. Jua la Kisangani lingezama palepale linapozama, na baada ya hapo hata boti ingengoja mpaka asubuhi isingemsaidia mama huyu. Dakika hamsini, labda chini. Nyumba ya Alphonsine iko ndani, mbele ya reli, njia yenyewe matope. Kwenda kwa miguu ya Mama Georgine tungefika gizani.

"Una namba ya mtu kule?"

Alikuwa na namba ya mjukuu wa Alphonsine. Nikamwambia ampigie, bibi ateremshwe mtoni, sisi tunavuka. Kelele za Alphonsine, kwamba hasalimiwi na mdogo wake kando ya maji, nilizisikia kutoka kwenye simu bila kuisogeza sikioni.

"Leki wangu anisalimie mu mayi? Sawa muuza samaki? Miye niko na nyumba! Niko na kiti!"

"Yaya, jua iko inaenda," Mama Georgine akasema. Kisha simu ikakatwa.

Mtumbwi wa mashine wa Lubunga hauondoki mpaka ujae, hilo mnalijua. Ulikuwa na watu saba, baiskeli mbili na mama mmoja mwenye magunia matupu ya makala. Mwendeshaji akasema bado anangoja watu watano. Nikaanza kumweleza, kwa heshima, kuhusu dada na macho na jua. Alikuwa anatikisa kichwa kuwa hapana. Yule mama wa magunia alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwendeshaji.

"Weye! Washa! Ule mama wa ng'ambo akikosa kumuona leki wake sababu ya batu tano, ile zambi utaiweka wapi? Mu mashini?"

Watu wote saba wakaanza kusema pamoja. Akawasha.

Tulipogusa Lubunga jua lilikuwa limeshuka mpaka juu ya miti ya kule chini ya mto. Hakuna mtu. Mama Georgine alishuka akasimama kwenye mchanga amekumbatia mkoba. Nilianza kutukana kimyakimya: nilitukana mwenye boti, nikatukana Merveille, nikatukana matope ya Lubunga. Yule mama wa makala hakuondoka na magunia yake. Hata wenye baiskeli walibaki wamezishika.

Kisha wakatokea. Bibi mrefu, amenyooka, mkono mmoja begani kwa mjukuu, na mkono mwingine ameshika sufuria iliyofungwa kitambaa. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya sufuria. Karibu nipasuke.

Mama Georgine akataka kumkimbilia. Alphonsine akasikia hatua, akainua kiganja.

"Simama pale. Usinishike. Nikilia sitaona." Akampa mjukuu sufuria. "Geuka kwa jua."

Mama Georgine akageuka. Mwanga ulikuwa unakuja juu ya maji, ule wa mwisho, mwekundu, na ukampiga usoni. Alphonsine alisogea mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Alimtazama paji, akatazama macho, mdomo, kovu dogo kidevuni ambalo alisema baadaye alilisababisha yeye mwenyewe kwa mwiko. Hakuharakisha hata kidogo. Nilitazama jua, nikamtazama yeye, jua, yeye.

"Unakuwa sawa mama," akasema. "Sawa mama kabisa."

Ndipo wakashikana. Na walipoachana, nawaambia, Alphonsine alikasirika kuliko mimi. Miaka ishirini na miwili! Na unakuja na boti, unanipa saa moja, mu mayi! Alimgombeza leki wake huku anafungua sufuria, akamgombeza huku anamkatia lituma, ndizi iliyotwangwa ikiwa bado ya moto, na samaki juu yake. Walikula wamekaa kwenye ukingo wa mtumbwi mbovu, giza likiingia, mmoja anagomba na mwingine anacheka na kulia. Mimi pia nilipewa. Sikukataa.

Muda wa kurudi ulipofika nilijua kitakachotokea, na safari hii nilikiruhusu. Mgeni haachwi njiani, anasindikizwa. Alphonsine alipanda mtumbwi pamoja nasi, haoni kitu tena, amemshika leki wake mkono. Watu wengine huona kusindikiza ni kupoteza wakati. Dakika zile za kuvuka walizungumza mambo ambayo pale mchangani hawakuyagusa: wazazi, shamba, nani alizikwa wapi. Niligeuza uso.

Merveille alikuwa amesimama kwenye ubao wa boti. Alimpokea Mama Georgine mkoba, akampandisha pole pole, akashuka kunitazama. "Tonton, safari ingine nitauliza saa ya boti," akasema. Nilipaswa kumjibu vizuri. Nilisema tu, "Uliza pia watu." Honi ikalia, boti ikaondoka kwa saa yake ya Kinshasa. Alphonsine alipunga mkono kuelekea kwenye sauti ya mashine mpaka ikapotea.

Nilimrudisha ng'ambo mwenyewe. Katika mtumbwi nilianza tena kulalamika, maana hasira ilikuwa haijaisha: vijana wa siku hizi, programu, picha, hawaulizi mtu amekuja kufanya nini. Alisikiliza, uso wake umeelekea mbele.

"Weye ulifanya ile kazi miaka ngapi, papa?"

"Thelathini na moja."

"Batu wa huku kwetu walishukaka mu ile boti?"

"Wengi sana, mama. Kila safari."

"Na ulipeleka wangapi kwao?"

Nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mpaka mtumbwi ukagusa mchanga, na mjukuu akamshika bibi yake mkono, naye akawa bado amesimama pale anangoja jibu. Nilikuwa nimempata mmoja tu, naye ndiye tuliyekuwa tumetoka kumsindikiza.